Refa Hakuiba Kitu

Nyuma ya kiti changu uwanjani hukaa mzee mmoja mwenye sauti ya mwadhini. Refa akiinua mkono tu, mzee anasimama na kumwita mwizi. Sina haki ya kumcheka. Nimeishi Minnesota muda wa kutosha kuwa shabiki wa hoki ya barafuni, ile ya vyuo vikuu, na kelele hizo nami nimezipiga mpaka Jumatatu nikaenda kazini sauti imekauka. Jamaa zangu wa Tanga hunishangaa: mtoto wa pwani unafuata nini kwenye barafu? Jibu lake refu, tuliache. Leo nataka kumtetea refa, maana naona tumemkaba asiyehusika.

Kwanza tuelewane. Waamuzi ni wanne, marefa wawili na wasaidizi wawili, wote juu ya viatu vya vyuma, na wanafukuzia kisahani cheusi ambacho mimi niliye juu na bia yangu mara nyingi sikioni. Wengi wao siku za kazi wana ajira nyingine kabisa. Wanakosea, tena sana. Lakini refa akikosea, anakosea mbele ya maelfu ya watu, na mara nyingi anarudi kwenye video kujisahihisha. Machi 2021, huko Fargo, Minnesota Duluth walifunga goli katika muda wa kwanza wa nyongeza dhidi ya North Dakota, wakaanza kushangilia. Marudio yakaonyesha kulikuwa na kuotea. Goli likafutwa. Mechi ikaendelea hadi muda wa tano wa nyongeza, dakika 142 na sekunde 13 za mchezo, ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano ya taifa, na Duluth hao hao wakashinda 3–2. Walitukanwa sana wale waamuzi usiku ule. Lakini uamuzi wao uliangaliwa, ukapimwa, na sababu yake ikajulikana.

Sasa niambieni, ule uamuzi wa 2011 uliangaliwa kwenye video gani?

Kwa wasioujua mkasa: mwaka 2010 tajiri mmoja, Terry Pegula, aliwapa Penn State dola milioni 88 wajenge uwanja na kuanzisha timu. Zawadi nzuri, sina ubaya nayo. Ila Penn State wakawa chuo cha sita cha Big Ten chenye hoki ya wanaume, na sita zilitosha kuanzisha ligi. Big Ten wana televisheni yao, na televisheni lazima ilishwe. Machi 2011 wakatangaza ligi ya hoki. Minnesota na Wisconsin wakang'olewa kwenye WCHA. Michigan, Michigan State na Ohio State wakang'olewa CCHA. Haikupita hata miezi minne, vyuo vingine vikubwa vikaogopa kuachwa na mabaki, navyo vikatangaza ligi yao, NCHC. Ligi zote mbili zilianza msimu wa 2013–14. CCHA, iliyozaliwa 1971, ikafa. WCHA ikabaki jina na madeni ya heshima.

Hebu fikiria Simba na Yanga wanaambiwa kuanzia msimu ujao hawatakutana, kwa sababu mmoja kahamia ligi ya televisheni hii na mwingine ya ile. Kariakoo pangekalika? Sisi tulifanyiwa hivyo hivyo. Minnesota na North Dakota, watu waliochukiana kwa raha miaka na miaka, wakaondolewa kwenye ratiba ya kila mmoja. Hakuna aliyetuuliza. Bahati yetu, Aprili 2014 nusu fainali ya taifa iliwakutanisha, na Minnesota wakafunga goli la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 0.6, tena wakiwa pungufu mtu mmoja barafuni. Sekunde 0.6! Hicho ndicho kitu walichokiondoa kwenye kalenda wakakiita maendeleo. Mechi za msimu wa kawaida zilirudi 2016.

Na hayo maendeleo yameleta nini? Hesabu fainali kuanzia 2014 hadi 2025. Hakuna hata timu moja ya Big Ten iliyotwaa ubingwa wa taifa ikiwa ndani ya ligi hiyo. Mwaka ule wa kwanza Minnesota walipigwa 7–4 na Union, chuo kidogo ambacho hakikuwa kikitoa hata ufadhili wa michezo. Mwaka 2023 wakapigwa na Quinnipiac, sekunde 10 tu baada ya muda wa nyongeza kuanza. Nilikuwa bado sijakaa vizuri kwenye kochi.

Lakini kinachoniuma zaidi si vikombe. Ni Huntsville. Alabama, jimbo la joto, lilikuwa na timu ya chuo ya hoki, na watu wake wakaipenda bila kuombwa. Juni 2019 vyuo saba vya WCHA vilitangaza kuondoka pamoja. Walioachwa ni Huntsville na vyuo viwili vya Alaska, yaani wale walio mbali na ghali kuwafikia. Vile saba ndivyo vilivyokuja kufufua jina la CCHA. Mei 2020 Huntsville wakatangaza kuifunga timu. Mashabiki wakachangishana, ndani ya siku chache zikapatikana zaidi ya dola nusu milioni, timu ikarudi. Mwaka mmoja baadaye ikasimamishwa tena, safari hii kwa sababu hakuna ligi iliyowakubali. Fedha walileta, na bado mlango ulifungwa. Anchorage nao walitakiwa kukusanya dola milioni 3, wakazikusanya, wakarudi barafuni 2022 bila ligi, kama mgeni anayekula barazani.

Hapo hakukuwa na refa.

Kuhusu kusaka wachezaji najua nitagombana na wenzangu. Tangu Agosti 2025 vijana waliocheza zile ligi kubwa tatu za Kanada wanaruhusiwa kuchezea vyuo. Zamani walihesabiwa wachezaji wa kulipwa, wakafungiwa mlango. Mashabiki wanalia eti Wakanada wanawanyang'anya nafasi watoto wetu. Mimi nasema kile kizuizi kilikuwa unafiki: kijana wa miaka 16 anapewa posho ya matumizi, anaitwa wa kulipwa, na anayemwita hivyo ni chuo kinachouza tiketi kwa jasho la wenzake. Gavin McKenna kaenda Penn State. Aende, ana haki. Swali langu ni nani analipa gharama ya mlango huo kufunguliwa, maana nafasi kikosini hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Analipa kijana wa miaka 20 ambaye hana jina, aliyekuwa anategemea Bemidji au Ferris State wamchukue. Na vyuo hivyo vidogo vikimlea mchezaji, mkubwa anakuja kumchuma. Minnesota State walifika fainali ya taifa 2022. Mwaka uliofuata kocha wao, Mike Hastings, akachukuliwa na Wisconsin, na baadhi ya wachezaji wakamfuata. Simlaumu kocha wala vijana. Ngazi imejengwa hivyo.

Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko, nilimgeukia yule mzee. Nikamuuliza: mzee wangu, unamjua jina refa huyu? Akanitajia jina lake lote, na mechi tatu alizotuharibia. Nikamuuliza, na kamishna wa ligi yetu je?

Akafikiri kidogo. "Ndiye yupi huyo, kijana?"

Kisha waamuzi wakarudi barafuni, naye akasimama.