Bustani ya Nyuma ya Nyumba Nayo Ni Shamba

Mgeni afikaye Murusagamba, katika Wilaya ya Ngara, mwezi wa Novemba, hudhani kwamba shida ya chakula haiwezi kupita njia hiyo. Vilima vimevaa kijani, migomba imezunguka nyumba, maharagwe yamefunika ardhi, na mihogo imesimama kuelekea mpaka wa Burundi. Lakini Mkoa wa Kagera, pamoja na kijani chake chote, umekuwa miongoni mwa mikoa ambayo watoto wake waliodumaa ni wengi kupita wastani wa nchi. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, na Kagera ilikuwa juu ya kiasi hicho. Wengi wa watoto hao hawalali na njaa. Hushiba ndizi, hushiba ugali wa muhogo. Wanachokikosa ni kile kinachowekwa kando ya ugali.

Kwa sababu hiyo leo twapenda kusema juu ya bustani ya mboga ya nyumbani, na hasa juu ya hali yake katika msimu usiotabirika, ambao siku hizi ndio msimu wa kawaida.

Bustani hii haina mwenyewe katika hesabu zetu. Taarifa ya kilimo ikiandikwa huhesabu ekari za mahindi, za maharagwe na za kahawa. Tangu Serikali ilipoanza mpango wa ruzuku ya mbolea mwaka 2022, wakulima wameandikishwa kwa ukubwa wa mashamba yao, na hilo ni jambo jema. Lakini kile kipande cha hatua kumi kwa tano kilicho nyuma ya jiko, ambacho kina mchicha, nyanya chungu na mashina mawili ya maboga, hakiandikwi popote. Huitwa kazi ya mama. Kikistawi hakuna anayekisifu, na kikifa hakuna anayeuliza kilikufa kwa nini. Magazeti huandika habari za nikeli ya Kabanga, nasi tumeandika, maana ni mali ya taifa. Lakini hatukumbuki ni lini tulipoandika habari za mgagani.

Sasa tutazame msimu wenyewe. Pande za Ngara mvua hutazamiwa kuanza mwezi wa Septemba au Oktoba, zikapungua kidogo Januari au Februari, kisha zikarudi na kuendelea hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Wazee walilima kwa kalenda hiyo, nayo haikuwa ikiwadanganya mara nyingi. Siku hizi hudanganya. Vuli ya mwaka 2022 ilikuwa haba katika sehemu nyingi za kaskazini ya nchi. Vuli iliyofuata, ya 2023, ilikuja na El Niño na mafuriko. Zaidi ya hayo, msimu mmoja wenyewe huweza kuwa na sura tatu: mvua huchelewa wiki tatu, halafu hunyesha kama iliyomwagwa kwa ndoo, halafu hukatika kabisa wakati maharagwe yanapotoa maua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla ya mvua kuanza, na ushauri wake huwafikia walimao mahindi. Mwenye bustani naye auchukue.

Msimu wa namna hiyo haui kila kitu. Huchagua, na namna unavyochagua yafaa kuchunguzwa. Nyanya hupata hasara mara mbili. Mvua ikizidi, bakajani huingia, majani hugeuka kahawia kama yaliyounguzwa, na kwa muda wa siku chache mtu hupoteza kazi ya miezi miwili. Jua likirudi, huja kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa jani na tunda pamoja. Kabichi nayo hupenda ubaridi na unyevu, lakini maji yakikaa miguuni mwake huoza, na ukavu ukija hufunikwa na vidukari. Mchicha ni mwepesi: katika wiki tatu au nne uko tayari kuchumwa, na ukipigwa na mvua kubwa ungali mchanga waweza kuupanda tena bila kulia. Mgagani hustahimili jua lakini hauwezi ardhi iliyotuama maji. Mnavu ni kinyume chake, hutaka unyevu. Maboga yaliyotambaa chini ya migomba hutoa majani wakati wa mvua na hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Nyanya chungu huzaa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kisamvu kipo daima. Na matembele yakipandwa pale yanapomwagwa maji ya kuogea hayajui kiangazi.

Kwa hiyo bustani yenye aina moja katika msimu kama huu ni kamari, na bustani yenye aina sita au saba ni akiba. Msimu uliochanganyika wahitaji bustani iliyochanganyika. Mama zetu wamelijua jambo hili muda mrefu, hawakuhitaji semina. Ila tumewaharibia kwa dharau yetu. Mgeni akija nyumbani hupikiwa kabichi iliyonunuliwa mnadani, na mgagani huonewa haya kwamba ni mboga ya maskini. Kijana akipewa mafunzo ya bustani hufundishwa nyanya, kwa kuwa nyanya ina fedha. Hatusemi nyanya isilimwe. Twasema nyanya ya kuuza ni biashara, na biashara ina hasara yake. Mboga ya mtoto isiwekwe rehani katika biashara hiyo.

Iko pia habari ya mbegu. Mbegu chotara ya dukani huzaa sana mwaka wa kwanza, lakini mtu akikamua mbegu ya tunda lake na kuipanda hapati mmea ule ule, basi kila mwaka hurudi dukani, na Murusagamba si karibu na maduka makubwa. Ziko nyanya ambazo mbegu yake hurudiwa, kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa na watafiti wetu mwaka 1997. Na mboga zetu za asili, mchicha, mgagani, mnavu na nyanya chungu, mbegu zake huwekwa katika kibuyu au chupa iliyokauka na kugawiwa jirani bila senti. Wageni kutoka mbali wameona thamani yake: tangu 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kina ofisi yake Arusha, nacho kimekusanya na kuzitengeneza mboga hizi hizi tunazozionea haya.

Twaja kwenye maji. Kiangazi kikifika, wengi hushuka bondeni kulima mboga kando ya vijito. Wala hatuwezi kuwalaumu kwa ukali, maana bondeni ndiko kwenye unyevu. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na sheria hiyo haikutungwa kwa chuki. Kijito kikilimwa hadi ukingoni hujaa udongo, na wa chini yake hukosa maji ya kunywa. Tatizo ni kwamba mara nyingi mwananchi huambiwa atoke bondeni bila kuambiwa aende wapi. Jibu mojawapo liko nyumbani kwake. Maji yaliyooshea vyombo na nafaka, yakimwagwa penye shina badala ya njiani, hutosha kwa matuta mawili. Majani makavu ya migomba yakitandazwa huzuia jua lisinywe unyevu, na mvua kubwa isirushe udongo juu ya majani. Samadi ya mbuzi iliyooza ipo bure. Asiye na nafasi achukue gunia kuukuu, alijaze udongo na samadi, aweke mawe katikati ya kupitisha maji, na kulitoboa ubavuni. Gunia moja lililotunzwa huchumwa mboga mara nyingi.

Lakini nani atachota maji hayo? Hapa ndipo twataka kusema wazi, ingawa baadhi ya wanachama hawatafurahi. Mwanamke wa Murusagamba huamka kabla ya jua, huenda shambani, hurudi na kuni, huchota maji, hupika, na mtoto yuko mgongoni. Tukimwambia aongeze bustani, tumemwongezea mzigo, na kisha tutamsifu katika mkutano wa hadhara. Bustani ikiwa ni ya nyumba, basi wote waliomo ndani ya nyumba wana sehemu yao. Mwanamume mwenye baiskeli aweza kuleta madumu manne ya maji kwa safari moja. Ua wa minyaa au wa miti ni kazi ya mwanamume, na bila ua hakuna bustani, kwa sababu mbuzi wa jirani hawasomi magazeti. Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo juu ya mifugo izururayo. Zinazo pia uwezo wa kuisimamia, ambao hutumika mara chache zaidi.

Tena, watumishi. Mwalimu, mganga, karani, askari na mtendaji ni watu walio na mshahara, nao hununua mboga. Nyumba nyingi za watumishi vijijini zina uwanja mpana uliofagiwa vizuri, na hapana hata shina la mchicha. Husema, Mimi ni mtu wa kuhamishwa. Lakini mchicha huchumwa kabla barua ya uhamisho haijafika. Bwana shamba ambaye nyuma ya nyumba yake ni tupu atamfundisha nani?

Wako watakaosema kwamba mboga ni rahisi sokoni. Ni kweli, wakati ambapo kila mtu anayo. Mvua ikikatika, hukatika kwa wote, na fungu lililokuwa dogo huwa dogo zaidi kwa bei ile ile, kisha bei nayo hupanda. Aliyetegemea fedha ya kahawa ameshaitumia kwa ada na dawa. Mwenye matembele bafuni kwake wiki hiyo hana habari na soko.

Chama kina historia katika jambo hili. Mwaka 1975, miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya, ilianzishwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kwa makundi kusikiliza radio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kulima bustani. Kampeni ilipokwisha, bustani nyingi zilibaki bila wa kuziuliza. Zilianzishwa kwa amri ya msimu, na msimu ule ulipita.

Tusiombe kampeni nyingine. Balozi wa shina anazijua nyumba zake zote kwa majina ya watoto. Ajue pia ni zipi zina bustani, ni ipi mbegu yake imeisha, na ni ipi haina mtu wa kuchota maji kwa sababu ya ugonjwa au uzee, ili majirani wapange zamu. Tawi liulize habari hizo katika kikao kama linavyouliza habari za ada. Na jambo hili lifanywe mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, kwa maana samadi huhitaji muda wa kuoza, na mche wa nyanya chungu hukaa kitaluni zaidi ya mwezi mmoja kabla haujawa tayari kuhamishwa.