Haki ya Majeruhi Isipotee kwa Kupitwa na Siku

Yako mawazo miongoni mwa baadhi ya watu kwamba mwananchi anayekwenda mahakamani kudai fidia ya mkono uliovunjika ni mpenda ugomvi, au anataka kujitajirisha kwa ajali. Mawazo hayo hayana msingi. Mkulima wa pamba wa Bariadi au Itilima asiyeweza tena kushika jembe kwa uzembe wa mtu mwingine hadai utajiri. Anadai chakula cha watoto wake.

Watu hufungua madai kwa sababu zinazoeleweka. Kwanza, matibabu na kukosa kazi ni gharama ambazo lazima zibebwe na mtu. Asipozibeba aliyeumiza, atazibeba aliyeumizwa. Pili, wengi hufika mahakamani baada ya kunyamaziwa: mwenye gari haonekani, barua ya bima haijibiwi, mwajiri anakana. Kwa watu wa namna hiyo kesi ni mlango wa mwisho.

Wako pia wasiokwenda kabisa. Huambiwa yamalizwe nyumbani, wakapewa fedha kidogo ya dawa na kutia dole gumba kwenye karatasi kabla mganga hajajua kama mguu utapona. Suluhu ni desturi njema ya Wasukuma na ya Watanzania wote. Lakini suluhu inayofanywa kabla ya kujulikana ukubwa wa jeraha humwachia mnyonge hasara yote.

Nayo sheria haingoji. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 3 ya kufungua madai ya namna hii. Anayetaka kuishitaki Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri pia, hana budi kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Mfanyakazi aliyeumia kazini hupeleka madai yake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Huko hadaiwi ushahidi kwamba mwajiri alizembea, lakini ajali yapasa itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Liko na jeraha ambalo si rahisi kumpata wa kumshitaki. Katika vijiji vya Simiyu vilivyo karibu na Pori la Akiba la Maswa, tembo huingia mashambani, na watu huumizwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh. 1,000,000 kwa kifo, Sh. 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh. 200,000 kwa jeraha la muda. Malipo hayo yaliitwa kifuta machozi, na jina lenyewe laonyesha kwamba hayakukusudiwa kuwa fidia. Mjane anayeuliza tofauti ya maneno hayo mawili anauliza jambo la haki. Apewe jibu la kweli, asifukuzwe ofisini.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi wa umma unapoonekana. Fomu ya PF3 isiyojazwa sawasawa, cheti cha zahanati kisicho na tarehe, namba ya gari na ya bima yake isiyoandikwa siku ya ajali: mambo madogo kama hayo yaweza kuangusha dai la kweli. Polisi, mganga na mtendaji wa kata wanapoandika kwa uangalifu hawampendelei mtu, wanaulinda ukweli. Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imefungua njia, nayo yapasa kutangazwa mikutanoni.

Walimu nao wana nafasi kubwa. Somo la uraia lisiishie kwenye majina ya mihimili ya dola. Mwanafunzi ajue pia baba yake akigongwa na pikipiki aanzie wapi na ana siku ngapi. Wazee wengi vijijini husomewa barua zao na watoto hao.

Si kila jeraha lina kesi, wala si kila dai ni la kweli. Kupambanua hayo ni kazi ya mahakama. Kazi ya mtumishi ni kuhakikisha kwamba mwananchi anafika huko na karatasi zake, kabla siku zake hazijaisha. Huo ni utumishi aliouahidi, si hisani.