Tunda la Mpaini na Hukumu ya Haraka



Juma hili nakuletea habari ya kitu kidogo ambacho sisi wa Mufindi hukikanyaga kila siku bila kukitazama, nacho ni tunda la mpaini, mti ambao wengine huuita msonobari. Mpaini tulio nao kwa wingi katika msitu wa Sao Hill asili yake ni Mexico. Tunda lake ni gumu, lina magamba kama ya samaki, na kwetu kazi yake ni kuwashia moto tu. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka liliponiaibisha.

Kabla ya Noeli ya mwaka jana tulimwagiza binti mmoja yatima, ajilipiaye ada kwa kazi ya mikono, atutengenezee mashada manne ya kupamba mlango wa kanisa. Binti akaokota matunda yaliyokwisha kuanguka, akayapangusa vumbi, akayaanika juani siku tatu, kisha akayafunga kwa waya kwenye pete za fito. Siku aliyoyaleta yalikuwa yamechanua kama maua ya mbao. Kwa kuwa napenda picha, niliyapiga kwa simu yangu pale barazani, jua la jioni likiyamulika ubavuni, hata kila gamba likaonekana na kivuli chake. Malipo tulipatana yawe baada ya mashada kutundikwa.

Tukayatundika. Basi mvua ikanyesha na ukungu ukatanda, nawe wajua Desemba yetu ilivyo. Siku ya tatu matunda yote yalikuwa yamefumba kama ngumi. Mzee mmoja akasema, "Huyu katuuzia mabichi." Nami bila kuuliza nikamwita binti, nikamwambia mbele ya watu kwamba hatapata hata senti mpaka alete mengine. Akasema kwa upole, "Karani, niliyaleta yakiwa wazi. Picha ulipiga mwenyewe." Nikamwambia asinijibu. Akaenda zake kimya.

Tuliyashusha mashada yale, tukayaweka jikoni karibu na meko. Kesho yake asubuhi mpishi akaniita. Yote yalikuwa yamechanua tena! Nikafungua simu nikaitazama picha: ni matunda yale yale.

Ndipo nikatafuta kujua. Mwaka 1997 Dawson, Vincent na Rocca walieleza jambo hili katika jarida la Nature. Kila gamba lina tabaka mbili. Tabaka la nje likipata unyevu hurefuka kuliko la ndani, hivyo gamba hujikunja na kufumba. Likikauka hufupika, na gamba hufunguka. Hapana uhai unaohitajika, kwa maana chembe zake zimekwisha kufa. Hata tunda lililolala kabatini miaka mingi hufanya vivyo hivyo. Faida yake ni kwa mbegu. Juu ya gamba hukaa mbegu mbili zenye bawa. Siku kavu zikitoka, upepo huzipeleka mbali. Siku ya mvua zingelowa na kuanguka chini ya mama yao, kwa hiyo mlango hufungwa.

Jaribu mwenyewe pamoja na watoto. Tumbukiza tunda lililo wazi katika bakuli la maji, litafumba. Lianike juani, litachanua. Waambie pia wahesabu mistari ya magamba inayozunguka kutoka kitakoni: mara nyingi watapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Na kama wafanya mapambo, yatundike mahali pakavu, lakini mbali na mishumaa, kwa kuwa utomvu wake hushika moto upesi.

Sasa nirudi kwa binti. Mimi nilisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa kwamba uchunguzi hutangulia na hukumu hufuata. Ushahidi nilikuwa nao mfukoni mwangu, nami sikuutazama, kwa sababu mwenye kusema alikuwa mtoto asiye na mtu wa kumsemea. Jumapili iliyofuata nilimwita mbele ya watu wale wale, nikaonyesha picha, nikaomba radhi, nikamlipa fedha yake yote. Hakusema neno ila "Asante, Karani." Lakini mwaka huu tulipomwagiza tena, alidai alipwe siku ya kuleta kazi, na mashada yapigwe picha kwanza. Tumekubali, maana ni haki yake.

Ndugu msomaji, ukiona kazi ya mwenzio imefumba, uliza kwanza kama mvua imenyesha.

Wasalaam,
Karani wa Parokia