Kiapo cha Askari na Kiapo cha Mjumbe

Askari huapa siku moja, kisha hukaa na kiapo chake muda wote wa utumishi. Huapa kutii, kuilinda katiba na kwenda atumwako. Mjumbe wa bunge naye huapa, na maneno ya viapo hivi viwili hufanana hata mtu aweza kudhani ya kuwa wajibu wao ni mmoja. Dhana hiyo iliwahi kumnyima mtu kiti alichopewa na wapiga kura wake, huko katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, nasi twaona kisa chake chafaa kusomwa na wale wavaao sare.

Mtu huyo ni Julian Bond. Alizaliwa Nashville tarehe 14 Januari 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa Mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo kile kile alichohitimu Kwame Nkrumah mwaka 1939. Kijana Bond alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kamati ya wanafunzi iliyoitwa kwa kifupi SNCC, iliyopigania haki za Weusi pasipo kutumia nguvu, naye ndiye aliyekuwa msemaji wake kwa magazeti. Mwezi Juni 1965 aligombea kiti cha wilaya ya uchaguzi namba 136 mjini Atlanta, akapata kura 2,320 dhidi ya 487 za mpinzani wake. Bunge la jimbo lilikuwa likutane Januari ya mwaka uliofuata.

Tarehe 3 Januari 1966, katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Sammy Younge alipigwa risasi katika kituo cha petroli kwa sababu alitaka kutumia choo cha Wazungu. Younge alikuwa mwenzao katika kamati ile, na kabla ya hapo alikuwa baharia katika Jeshi la Maji la Marekani. Aliitumikia bendera ya nchi yake, akarudi nyumbani, akauawa kwa ajili ya choo. Aliyempiga risasi alishtakiwa, na mwezi Desemba mwaka ule ule baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwachilia.

Siku tatu baada ya mauaji hayo SNCC ikatoa tamko. Ilisema kwamba serikali ya Marekani haikuwa ya kweli ilipodai kuwatakia uhuru watu wa Vietnam, kama vile ilivyokuwa si ya kweli kuhusu watu wa Kongo, Afrika Kusini, Rhodesia na Weusi wa Marekani kwenyewe. Ikasema pia kwamba inawaunga mkono wasiokuwa tayari kuitikia mwito wa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa habari alimpigia simu akamwuliza kama anakubaliana nalo, naye akajibu kwamba anakubali.

Tarehe 10 Januari alipofika bungeni kuapa, aliambiwa akae kando. Wajumbe 75 walikuwa wametia sahihi hati za kumpinga. Walidai ya kuwa aliyesema maneno kama yale hawezi kuapa kwa moyo safi kuitii katiba, na ya kuwa amewapa adui faraja. Mbele ya kamati ya bunge Bond alieleza kwamba hajamshauri mtu yeyote achome kadi yake ya kuandikishwa jeshini. Yake mwenyewe ilikuwa mfukoni, na alikuwa tayari kuitoa waione. Haikusaidia. Bunge lilipiga kura, 184 kwa 12, asipewe kiti.

Haki yataka tuseme ya kuwa si wote waliopiga kura ile walikuwa na chuki ya rangi tu. Georgia ni jimbo la askari. Kambi kubwa ya Fort Benning imo humo, na kutoka kambini hapo kikosi kizima cha divisheni ya kwanza ya wapanda farasi, ambao siku hizo walipanda helikopta, kilikuwa kimepelekwa Vietnam mwaka 1965. Mzazi aliye na mwanawe mstarini huumia asikiapo mjumbe wake akiwasifu waliokataa kwenda. Maumivu hayo twayaelewa. Lakini kuumia ni jambo moja, na kumnyima mtu kiti ni jambo jingine. Tena wale 184 hawakuchaguliwa na watu wa wilaya namba 136. Uchaguzi ulirudiwa, watu wale wakamchagua Bond tena, naye akafungiwa mlango tena.

Mahakama ya kwanza, kwa kauli ya majaji wawili dhidi ya mmoja, iliwapa ushindi wakubwa wa Georgia. Bond akakata rufani, na tarehe 5 Desemba 1966 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, walisema bunge lilivunja katiba. Jimbo lilikuwa limetoa hoja kwamba mjumbe yapasa awe na kipimo kikali zaidi cha uaminifu kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliipindua hoja hiyo: katika serikali ya uwakilishi, mjumbe ahitaji nafasi pana kabisa ya kusema mawazo yake juu ya mambo ya nchi. Na kile kiapo cha bunge hakikuwapa walio wengi ruhusa ya kuupima moyo wa mwenzao.

Hapa ndipo viapo viwili vinapoachana njia. Askari aliye mstarini haulizi kwa nini anapelekwa. Hiyo si kazi yake, na jeshi lisilotii ni kundi la watu wenye bunduki. Lakini swali halifi kwa kuwa askari amekatazwa kuliuliza. Lazima liwe na mahali pa kuulizwa, na mtu aliyetumwa na wananchi kuliuliza kwa sauti, hata kama anakosea. Mjumbe akiapishwa ili anyamaze, basi askari hana msemaji popote. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile, na walio wengi sana kati yao walikufa baada ya Januari 1966, mwezi ambao bunge la Atlanta liliona hatari kubwa ilikuwa kijana wa miaka 25 aliyejibu simu.

Januari 1967 Bond aliapa na kuketi. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo mpaka 1975, halafu katika Seneti ya jimbo mpaka 1987. Jumla miaka 20 ndani ya jengo lile alimofukuzwa. Mwaka 1968 jina lake lilitajwa katika mkutano wa chama cha Democratic huko Chicago kwa cheo cha makamu wa rais, akajiondoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba yadai 35. Hayo ndiyo yaliyompatia sifa duniani. Sisi twaithamini zaidi kazi isiyopigiwa makofi aliyoifanya katika miaka ya mwanzo ya 1980, alipopigania mipaka ya uchaguzi ichorwe upya ili Weusi wa Atlanta waweze kumpeleka mtu wao katika Bunge la Taifa huko Washington. Mahakama iliikataa ramani ya zamani, na mwaka 1982 wilaya ya tano ya Georgia ikawa na Weusi wengi.

Mwaka 1986 Bond aligombea kiti hicho alichokipigania. Mshindani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC, yule aliyevunjwa fuvu kwa rungu la polisi wa jimbo la Alabama katika daraja la Selma tarehe 7 Machi 1965. Bond aliongoza katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili, mwezi Septemba, wapiga kura walimchagua Lewis. Kampeni ilikuwa chungu na urafiki ulijeruhika. Bond hakurudi tena katika bunge lolote. Aliongoza chama cha NAACP kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015. Lewis alikuwa akikikalia kiti cha wilaya ya tano mpaka kifo chake, Julai 2020.