Saa ya awowe haikuwa imekufa, mimi ndiye nilikosa subira

Wacha nianze na aibu yangu. Muda mfupi baada ya kuacha chuo, nusura niue urithi wa familia kwa dakika kumi tu.

Awowe, yaani babu yangu, alituachia saa ya mfukoni. Si ya betri, ni ile ya kujaza kwa kuzungusha kitufe cha juu. Kabla simu zetu hazijaanza kuadhini, hiyo ndiyo aliyoitazama akingoja swala. Ilikaa kimya kwa droo miaka mingi, basi mimi nikajiona fundi. Nikatazama video mbili, nikaifungua kwa kisu, nikamwaga oili ya cherehani. Ikatembea siku mbili, kisha ikagoma kabisa.

Fundi mmoja Nairobi aliiangalia juu juu akasema nitupe. Nikarudi nayo Garissa, safari ya kilomita zaidi ya 350. Karibu na Soko Mugdi kuna mzee mwenye meza ndogo na lenzi ya jichoni. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza, "Ilisimama vipi?"

"Sijui, adeer."

"Basi adeer, tuiulize yenyewe." (Kwetu mzee na kijana huitana hivyo.)

Akanieleza. Ndani kuna ukanda wa chuma uliojikunja, kamani. Ukijaza saa, kamani inakaza. Ikijikunjua inasukuma magurudumu hadi kwa lile dogo linaloyumba huku na huku. Saa nyingi za zamani za aina hii hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Sasa fikiria punje ya vumbi la Garissa hapo katikati.

Kitufe kikizunguka tu bila kukaza, huenda kamani imekatika. Kikikaza hadi mwisho na saa haitembei, watu husema umeijaza kupita kiasi. Si kweli. Mara nyingi ni oili iliyokauka na uchafu. Na saa ikianza ghafla kukimbia mbele, shuku sumaku: spika, au kava ya simu yenye sumaku.

Oili yangu je? Saa inataka tone dogo kuliko kichwa cha pini, mahali pake, tena baada ya kusafishwa. Yangu ilisambaa, ikashika vumbi, ikawa matope. Mzee alilegeza kamani kwanza, maana ukifungua saa ikiwa imejaa, magurudumu yanaweza kufyatuka na kuvunjika meno. Akatoa kipande kimoja kimoja, akaosha, akarudisha. Siku tatu. Nikalipa shilingi 1,500. Inatembea hadi leo.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana tunatangaza kifo haraka mno. Kitu kikinyamaza, tunatupa au tunakilazimisha. Hatuulizi kilisimama vipi.

Kibaya zaidi, nilimuuliza mzee nani anajifunza kwake. Akacheka tu. Hakuna mtu. Siku akifunga meza, ujuzi wote unaenda naye.

Najua utaniambia, "Bro, nani ana saa ya mfukoni Garissa?" Ni kweli, ni chache, na hazitakulipia nyumba. Lakini mkono unaoweza kugusa kamani bila kuivunja unaweza kurekebisha saa ya ukutani ya msikiti, cherehani, hata mashine ya kupima presha. Vijana wanaotengeneza simu mjini tayari wana bisibisi ndogo na macho makali. Kilichobaki ni mwalimu.

Kaunti ikitaka kutusaidia, isisubiri kujenga jengo. Imlipe mzee kama huyu afunze vijana wawili hapo hapo mezani. NITA tayari hupima kwa gredi mafundi waliojifunzia kazi mtaani, kwa hivyo kukosa diploma si mwisho wa safari. Nasema hivyo nikijua, maana mimi sina.

Kwa hivyo kama kuna saa ya babu kwenu, usiifungue leo. Ijaze polepole, iweke sikioni, usikilize. Kisha umpelekee fundi mzee, na ukifika usiiache ukaenda. Kaa uangalie mikono yake.

Mimi hukaa pale kila Jumamosi. Bado hajaniruhusu kugusa kamani.