Karo yangu iliungulia Kawangware

Nikisema nimekulia Lavington watu hunitazama viatu. Haya basi, ukweli: nimekulia Kawangware, ila mathe alikuwa akifulia watu nguo Lavington, mwendo wa dakika chache kwa mguu. Jioni alikuwa na kibanda cha mitumba.

Oktoba 2017, baada ya ule uchaguzi wa marudio, mtaa uligawanyika kikabila na vibanda vikachomwa. Cha mathe kilikuwa na mali ya kama elfu arobaini, nyingi ikiwa mkopo wa chama. Hiyo ndiyo ilikuwa karo yangu ya muhula wa pili. Sikurudi chuo. Wiki iliyofuata mathe alirudi kufua, akapewa pole na mkate. Mkate, jameni.

Wataalamu wakipiga hesabu ya machafuko hutaja uchumi wa nchi. Mwaka wa 2007 ulikua kwa takriban asilimia 7, na 2008 ukuaji ukashuka chini ya asilimia 2. Watalii walitoroka. Reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika hadi Uganda. Ni kweli yote. Lakini kufikia 2010 uchumi ulikuwa umeshainuka. Mathe alilipa deni la chama kwa miaka mitatu.

Duka la mall lina bima. Tena bima ya kawaida ya moto mara nyingi haigusi vurugu za kisiasa, lazima ununue nyingine juu yake. Nani atauzia kibanda cha mabati hiyo?

Msinielewe vibaya. Juni 2024 nilikuwa tao na bendera, na nikiitwa tena nitaenda. Kupinga Mswada wa Fedha ni haki yetu. Ila Juni 25, 2025, maduka yalipoporwa tao, nilimwona mathe. Buda, hiyo simu uliyobeba ni karo ya mtu. Na anayelipa wahuni hakai mtaani kwetu, anakaa nyuma ya geti.

Mwaka wa 2008 serikali ilitoa shilingi 10,000 kwa familia zilizofurushwa. Baada ya moto. Mimi nataka hazina ya vibanda iwekwe kabla ya Agosti 2027, itoke kwa ushuru uleule ambao kaunti inatutoza.

Mathe ana kibanda kingine sasa. Uchaguzi ukikaribia huacha kuongeza mali miezi mitatu kabla. Safari hii anasema ataanza mapema zaidi.