Utalii wa meli Ziwa Nyasa: Kabla ya meli ya kifahari, tuanze na MV Mbeya II

Kila meli kubwa ya watalii inapotia nanga Dar es Salaam au Zanzibar, picha zake zinajaa kwenye simu zetu siku nzima. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa zamu ya Norwegian Dawn, jumba la ghorofa linaloelea, lenye uwezo wa kubeba watalii zaidi ya 2,000. Na kila mara watu wa Nyanda za Juu Kusini wanauliza: na sisi je? Ziwa tunalo, milima tunayo, kwa nini watalii wa meli wasifike Kyela?

Swali ni zuri. Shida iko kwenye jibu linalotolewa harakaharaka, kwamba itafutwe meli ya kifahari, iwekwe ziwani, halafu dola zitaanza kumiminika.

Mimi naona tunaanzia pasipofaa.

Iringa nayo ilikuwa na ziwa

Tukumbushane kidogo jiografia. Leo ukitaja Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, unataja mikoa mitatu: Mbeya (Kyela), Njombe (Ludewa) na Ruvuma (Nyasa). Iringa haimo. Lakini mpaka 2012, kabla Mkoa wa Njombe haujaanzishwa, Ludewa ilikuwa Iringa. Bandari za Lupingu na Manda zilikuwa bandari za Mkoa wa Iringa. Ndiyo maana kulikuwa na meli ziwani inaitwa MV Iringa, jambo ambalo vijana wengi wa Kihesa na Mwangata ukiwaambia leo watadhani unawatania.

MV Iringa na MV Songea ndizo zilizozoeleka kwa miaka mingi. Baada yake Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) ilijenga meli tatu, kazi ikifanywa na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza. MV Njombe na MV Ruvuma ni za mizigo, kila moja tani 1,000. MV Mbeya II ndiyo ya watu: abiria 200 na mizigo tani 200.

Sasa chukua ramani. Kutoka Kiwira na Itungi, unapita Matema, unashuka Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Upande wa kushoto muda mwingi una Milima ya Livingstone, inayosimama kama ukuta kutoka majini. Ziwa lenyewe lina kina kinachofikia takriban mita 700. Kuna vijiji chini ya ukuta ule ambavyo gari haliwezi kufika. Ikombe, karibu na Matema, ni mmojawapo. Wakisi wa kule wanafinyanga vyungu, wanavipakia kwenye mitumbwi na kuvileta sokoni. Chungu ulichokiona kinauzwa Mbeya mjini, kuna uwezekano mkubwa kilianza safari yake majini.

Kwa hiyo meli kule siyo starehe. Ni daladala, ni lori na ni gari la wagonjwa kwa pamoja. Mjamzito, gunia la mihogo, walimu wanaokwenda kuripoti kazini, usipa uliokaushwa: vyote vinasubiri honi ileile. Meli ikisimama, watu hawaachi kusafiri. Wanapanda boti za mbao, kwenye ziwa ambalo kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unaweza kulichafua ndani ya muda mfupi.

Ukilijua hilo, swali linabadilika. Siyo "watalii watafikaje?" Ni "watalii wakifika, nani atashushwa kwenye meli?"

Wanorwe walianza na barua

Hapa Norway inatufaa kama mfano, na simaanishi Norwegian Dawn. (Ile jina tu ni la Norway. Kampuni yake ni ya Marekani, makao yake yapo Miami.) Nazungumzia huduma ya meli za pwani inayoitwa Hurtigruten.

Ilianza 1893. Nahodha Richard With alipewa mkataba na serikali kupeleka barua, mizigo na abiria kaskazini mwa nchi, ambako milima na majira ya baridi vilifanya barabara kuwa ndoto. Wazo la utalii lilikuja baadaye, juu ya huduma ambayo tayari ilikuwepo. Mpaka leo meli zile zinakwenda kati ya Bergen na Kirkenes, zinagusa bandari 34, na mzunguko mzima ni kama siku 12. Mtalii amelipa pesa nyingi kwa chumba chenye dirisha. Pembeni yake kuna mwanafunzi anayeshuka bandari inayofuata, na chini kuna samaki na vipuri vya trekta.

Jambo la msingi ni mkataba. Serikali ya Norway inanunua huduma ile. Tangu 2021 kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, zinagawana njia hiyo, ya kwanza meli saba na ya pili nne. Mkataba unataka kila meli iwe na nafasi ya abiria 320, vitanda 120, na sehemu ya mizigo. Mtalii anasaidia kujaza vyumba, lakini ratiba inabaki ya wananchi. Meli inasimama saa sita usiku kwenye kijiji kidogo hata kama hakuna mzungu mmoja anayetaka kupiga picha pale.

Sasa linganisha na upande wa pili wa Norway hiyohiyo, ule wa meli kubwa za anasa. Geiranger ni kijiji chenye wakazi wanaohesabika kwa mamia, na kwenye msimu wa kiangazi kinapokea meli zenye maelfu ya watu. Wageni wanashuka, wanapiga picha za maporomoko, wanarudi kula kwenye meli kwa sababu chakula walishakilipia. Moshi unabaki bondeni. Malalamiko yalipozidi, Bunge la Norway liliamua 2018 kwamba fiodi zilizo kwenye Urithi wa Dunia ziingiwe na meli zisizotoa hewa chafu. Tarehe zimekuja kulegezwa: meli za abiria zilizo chini ya tani 10,000 za ukubwa zilipewa mpaka mwanzo wa 2026, kubwa zaidi mpaka 2032. Bergen nayo iliweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli hizo kwa siku. Na 2025 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu maeneo yaliyoelemewa kuwatoza wageni, wakiwemo wa meli, mpaka asilimia 3.

Nchi moja, aina mbili za utalii wa meli. Mmoja ulijengwa juu ya huduma ya watu, mwingine ulitua juu ya vichwa vyao. Ule wa pili ndio tunaoutamani kwenye picha.

Sisi tuna "meli" inayopita relini

Kama unadhani haya ni ya Ulaya tu, nenda stesheni ya TAZARA pale Iyunga. Treni ya kifahari ya Rovos Rail kutoka Afrika Kusini, inayofanya safari ya Cape Town hadi Dar es Salaam kwa takriban wiki mbili, inapita Mbeya. Ndani kuna vitanda, mgahawa na kila kitu. Ni kama meli ya kifahari juu ya reli. Jiulize mwenyewe: mama lishe wa Iyunga anauza sahani ngapi siku treni ile ikipita? Dereva bajaji anapata safari ngapi?

Siwalaumu Rovos, biashara yao ndivyo ilivyo. Mgeni amelipia kila kitu kabla hajaondoka kwao. Hela inamwagika tu pale ambapo kuna sababu ya kushuka, muda wa kushuka, na mtu wa kumpokea. Reli ya TAZARA inaingia kwenye ukarabati mkubwa chini ya mkataba wa 2025 na kampuni ya Kichina ya CCECC, uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4, kwa hiyo treni huenda zikaongezeka. Mbeya isipojipanga, zitaongezeka za kupita.

Na Mbeya ina cha kuonyesha. Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, chai ya Rungwe, halafu unateremka kwenye kokoa na mpunga wa Kyela. Barabara ya lami ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda mpaka Matema imefupisha kazi sana. Zamani ukifika Ipinda mvua ikinyesha unaanza kusali. Ukiunganisha na Kitulo, na kwa upande wa Iringa ukaongeza Isimila, Kalenga kwa Mkwawa na Hifadhi ya Ruaha, una safari ya siku kumi ambayo haihitaji kukopa kitu.

Lakini Iringa pia ina onyo. Mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa kusini, ulipitishwa na Benki ya Dunia 2017 kwa dola milioni 150. Ulisitishwa Aprili 2024 na kufutwa Novemba mwaka huohuo, kufuatia malalamiko ya wananchi wanaopakana na Ruaha kuhusu kuondolewa na kutendewa vibaya. Tuseme ukweli, utalii unaoanza kwa kugombana na wenyeji unakufa hata kama hela ipo. Ziwani itakuwa vilevile. Siku wananchi wa Lupingu wataambiwa meli imejaa kwa sababu kuna kundi la wageni, vita itakuwa imeanza.

Kitu gani kifanyike

Vyumba vichache. Hilo tu la kuanzia. MV Mbeya II, au meli itakayofuata, iwe na vyumba kadhaa vinavyouzwa kwa bei ya mtalii, kwa dola kama watataka, na idadi yake iandikwe isiongezeke kwa kula nafasi za wenyeji. Nauli ya mwananchi ibaki ya mwananchi. Pengo la gharama lijazwe na serikali kwa mkataba ulio wazi, kama Norway wanavyofanya bila aibu. Kuna watu wataita hiyo hasara. Barabara nazo hatuzitozi nauli.

Halafu ratiba. Mtalii anapanga safari miezi sita kabla, akiwa Oslo au Munich, kwenye simu. Kama ratiba ya meli inajulikana kwa kumpigia shemeji aliyeko Kyela, mtalii huyo ataenda Malawi kupanda MV Ilala, ambayo inajulikana duniani tangu miaka ya 1950 na imeandikwa kwenye vitabu vingi vya wasafiri. Ratiba inayotabirika inamsaidia pia mwenye gunia la mihogo. Kwa kweli inamsaidia yeye kwanza.

Usalama hauhitaji maelezo marefu kwenye nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Kuhesabu vichwa getini, maboya yanayotosha, na nahodha mwenye mamlaka ya kusema leo hatuondoki. TASAC ipo kwa kazi hiyo.

Liko pia suala la mpaka. Safari tamu kuliko zote ingekuwa ya kuzunguka ziwa: Matema, Mbamba Bay, kisiwa cha Likoma chenye kanisa kuu la mawe, Nkhata Bay, kurudi. Ila Tanzania na Malawi bado hazijaelewana mpaka unapita wapi, ubishi unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mpaka usipotatuliwa, bado uhamiaji wa pande mbili unaweza kukubaliana mgeni agongewe muhuri gati gani. Hilo ni jambo la maofisa kukaa mezani, halisubiri marais.

Jicho sasa liwe Mbamba Bay. Bandari mpya inajengwa pale kwa zaidi ya Sh70 bilioni, na shabaha yake kubwa ni mizigo: makaa ya mawe, saruji, bidhaa za Malawi kupitia Mtwara. Kwenye michoro ya gati ndiko itajulikana kama abiria amefikiriwa. Kuna sehemu ya kukaa kivulini? Choo? Kibanda cha mama wa Kikisi kuuza chungu? Meza ya uhamiaji? Ni vitu vya gharama ndogo wakati zege bado halijakauka, na ni vigumu sana kuvipachika baadaye.